Jeff Nicklin: Kutoka Uwanjani Hadi Vitani

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaovaa sare za jeshi na polisi, leo tunawaletea maisha ya Jeff Nicklin wa Kanada, aliyevuma kwanza uwanjani, kisha vitani.

Nicklin alizaliwa mwaka 1914. Aliichezea timu ya Winnipeg soka ya Kanada, ambayo si kandanda tuijuayo sisi: watu 12 kila upande hugombea mpira wenye umbo la yai, wakiubeba mikononi na kuangushana chini. Zama hizo timu za magharibi zilidharauliwa, kwa kuwa hakuna hata moja iliyokuwa imelitwaa Kombe la Grey. Mwezi Desemba 1935 Winnipeg ilisafiri hadi Hamilton, ikawashinda wenyeji 18 kwa 12, na dharau ikakoma. Mwaka 1939 ilishinda tena, naye Nicklin akiwamo.

Vita Kuu ya Pili vilimfanya askari wa miavuli. Tarehe 6 Juni 1944 aliruka Normandy, Ufaransa, akiwa naibu kamanda wa Batalioni ya Kwanza ya Miavuli ya Kanada. Baadaye mwaka huo akakabidhiwa batalioni yenyewe.

Hapo ndipo penye ibra. Nicklin alikuwa mkali mno. Oktoba 1944, kambini Uingereza, askari wake waligoma kula kwa kuchoshwa na nidhamu yake. Jeshini hilo si jambo dogo. Ilimlazimu mkuu wake, Brigedia James Hill, kuja kusema nao, ndipo wakala. Nicklin akaendelea kuwa kamanda wao.

Tarehe 24 Machi 1945 batalioni iliruka ng'ambo ya mto Rhine, Ujerumani. Kamanda hakubaki nyuma kungojea taarifa. Aliruka pamoja na wale wale waliomnung'unikia. Mwavuli wake ulinasa mtini, juu ya adui wenye bunduki za rashasha, naye akauawa kabla ya kujinasua. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Tangu mwaka 1946 mchezaji bora wa timu za magharibi alitunukiwa kikombe chenye jina la Nicklin.

Sisi hatusifu ukali upitao kiasi, kwani askari naye ni binadamu. Lakini twaona kuwa mwenye kudai utii hana budi kuikabili hatari ile ile anayowaamuru wenziwe kuikabili. Deni hilo Nicklin alililipa lote.