Padri Stefano Kaoze, mwandishi

Stefano Kaoze alikuwa Mtabwa wa nchi ya Marungu, karibu na ziwa Tanganyika. Alisoma katika seminari ya Mpala kwa Mapadri Weupe. Siku zile Wazungu wengi walidhani kwamba mtu mweusi hajui kufikiri. Kaoze, angali mwanafunzi, alishika kalamu, akaandika kwa Kifaransa habari za akili na desturi za Wabantu. Maandiko hayo yalichapwa Ulaya mwaka 1910 na 1911.

Mwaka 1917 alipewa upadri, wa kwanza kati ya Waafrika wa Kongo ya Wabelgiji. Hata hivyo hakuiacha kalamu. Aliwauliza wazee habari za koo na mababu, akaziandika zisipotee. Kaoze alikufa mwaka 1951. Wazee wale pia wamekufa, lakini maneno yao yangalipo.