Dorothy Hodgkin: mama aliyechungulia ndani ya kristali

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini, awe Tchomia ama Bunia, pengine hajasikia jina la Dorothy Hodgkin. Lakini ni mama huyu alionyesha dawa hiyo imejengwa namna gani.

Alizaliwa Cairo, Misri, mwaka wa 1910, na wazazi Waingereza. Mwaka wa 1923 aliwatembelea Khartoum, Sudan. Wataalamu wa mawe walimfundisha kuosha dahabu ndani ya sahani, kazi ambayo vijana wengi wa Ituri wanaijua vizuri. Akaenda kuosha mchanga wa mfereji wa nyumbani, akapata madini meusi. Mkemia mmoja, rafiki wa wazazi, alimsaidia kuyapima: ilikuwa ilmeniti. Tangu hapo hakuachana tena na kemia.

Kwenye chuo kikuu cha Oxford, mwalimu wake H. M. Powell alimwingiza katika kazi ya miale ya X, ile inayopiga picha ya mifupa hospitalini. Ndani ya kristali, chembe zimejipanga kwa mistari. Hata chumvi ambayo akina mama wa ziwa Albert wanatia juu ya samaki ni kristali. Miale ikipita humo, inaacha alama juu ya filamu. Kristali ikisagwa kuwa unga, alama zinakuwa duara, na kila kitu kinatambulika kwa duara zake. Powell ndiye mwaka wa 1948 aliziita klatrati zile kristali zinazofungia molekuli za kitu kingine, kama samaki ndani ya mtego.

Dorothy alichukua njia ngumu zaidi: kristali nzima, na kuhesabu alama zote ili ajue kila atomi iko wapi. Akiwa na miaka 24, ugonjwa wa viungo ulianza kupinda vidole vyake. Hakuacha. Alimaliza penisilini mwaka wa 1945, kisha vitamini B12. Habari ya Tuzo ya Nobel, mwaka wa 1964, ilimkuta Ghana, ambako mume wake alikuwa akifanya kazi.

Insulini ndiyo ilimchelewesha. Watu walikuwa wakitibiwa nayo tangu 1922 bila umbo lake kujulikana. Alipiga picha yake ya kwanza mwaka wa 1935. Jibu lilipatikana 1969, yaani miaka 34. Kujua umbo hilo kulisaidia baadaye kutengeneza insulini zinazofanya kazi haraka ama polepole.

Mwaka wa 1993, akiwa juu ya kiti cha magurudumu, alisafiri hadi Beijing kukutana na wataalamu wenzake wa kristali. Alikufa tarehe 29 Julai 1994, na miaka 84.