Jason Sendwe: muganga aliyekataa Katanga ijitenge

Hapa Likasi, mutu akiambiwa kama jirani yake amepelekwa ku Sendwe, anaelewa mara moja: ugonjwa ni wa nguvu, na familia imetafuta gari ya kwenda Lubumbashi, kilometa karibu 120, ku hospitali kubwa ya jimbo. Jina hilo linatajwa kila siku. Lakini vijana wengi hawajui tena kama Sendwe alikuwa mutu, tena mutu wa siasa, mumoja wa wale waliopigania sana Katanga ibaki ndani ya Congo. Aliuawa mwaka 1964, akiwa na miaka karibu 47.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 katika kijiji cha Mwanya, teritwari ya Kabongo, inchi ya Baluba, upande wa kaskazini wa Katanga. Alisoma ku masomo ya wamisionari Wametodisti. Alikuwa mwalimu, alikuwa muhubiri, kisha akajifunza kazi ya kutunza wagonjwa. Kuwa daktari kamili haikuwezekana kwa kijana mweusi wa wakati ule. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza cha inchi, kilifunguliwa mwaka 1954, na wakati ule Sendwe alikuwa na miaka 37 tayari. Basi akabaki muuguzi na musaidizi wa waganga wazungu. Kazi hiyo ilimufanya ajulikane. Mutu anayesoma, anayehubiri na anayetunza wagonjwa, watu wanamuletea pia matatizo yao mengine.

Ili kuelewa siasa yake, lazima kwanza kuangalia miji ya mugodi namna ilivyokuwa. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi kuliko ile iliyopatikana karibu. Ikatafuta wafanyakazi mbali: kaskazini ya Katanga, Kasaï, na hata inje ya koloni. Mwaka 1928 njia ya treni iliunganisha Katanga na Kasaï, na watu wengi wakashuka kuja kutafuta kazi. Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, ikajaa watu wa makabila mengi: mumoja ku shaba, mwingine ku treni, mwingine ku biro ya Mubeleji. Watoto wakazaliwa hapa, wakakomaa hapa, wakazungumuza Kiswahili kimoja.

Wakoloni hawakutaka watu wachague viongozi. Walikubali tu kuchelewa sana. Mwezi wa 12 mwaka 1957, uchaguzi wa kwanza wa makomini ulifanyika katika miji mitatu peke yake: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Wakaaji wa Likasi walikuwa basi kati ya Wakongomani wa kwanza kabisa kupiga kura. Lakini matokeo yalileta uchungu. Kule Elisabethville watu wenye asili ya Kasaï walipata nafasi kubwa zaidi ku viti vya bugumesta. Wale waliojiita wenyeji wa kweli wa Katanga wakaanza kusema wageni wamekuja kutawala kwao. Mwaka 1958 wakaunda Conakat. Kati ya wakubwa wake mulikuwa Godefroid Munongo na Moïse Tshombe.

Sendwe alikuwa na chama chake, Balubakat, kilichoanza mwaka 1957 kama kikundi cha kusaidiana cha Baluba wa Katanga. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wamesahau: mwanzoni Balubakat iliingia ndani ya Conakat. Sendwe na Tshombe walikuwa upande mumoja. Baluba wa Katanga walihesabiwa kuwa wenyeji, hawakuwa wageni. Kama Sendwe angetaka kutafuta nafasi kwa njia rahisi, angebaki pale.

Hakubaki. Conakat ilikuwa inakaribia sana wazungu wenye mashamba na makampuni, na ilitaka Katanga yenye kujitawala, yenye mali yake, yenye kufungia mulango watu waliotoka Kasaï. Mwezi wa 11 mwaka 1959 Balubakat ilitoka. Sendwe akaungana na Fedeka, chama cha watu wa Kasaï walioishi Katanga, na Atcar, chama cha Watchokwe. Muungano huo uliitwa Cartel. Kwa maneno mengine, huyu mutu aliyehesabiwa mwenyeji alichagua kusimama pamoja na wale walioitwa wageni. Ndani ya hatua ile munaonekana Sendwe mwenyewe, na ni hatua iliyomuletea maadui kwa maisha yake yote.

Mwanzo wa mwaka 1960 alikwenda Bruxelles ku mukutano wa Meza ya Duara, pale tarehe ya uhuru ilipokubaliwa: tarehe 30 mwezi wa sita. Mwezi wa tano watu wakachagua. Katika bunge la jimbo la Katanga mulikuwa viti 60. Conakat ilipata 25, Cartel ikapata 23. Viti 12 vilivyobaki vilikuwa vya watu wenye kujitegemea na vya vyama vidogo, na wengi wao wakaenda upande wa Conakat.

Sheria ya wakati ule ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawe ndani ya chumba kabla ya kuchagua serkali ya jimbo. Wabunge wa Cartel wakatoka, wakiona ndiyo njia pekee ya kulazimisha serkali ya pamoja. Ubeleji ikajibu kwa kubadilisha sheria katikati ya mwezi wa sita, wiki mbili tu kabla ya uhuru. Conakat ikachagua serkali yake, Tshombe akawa mukubwa wa jimbo. Kwa watu wa Sendwe, hapo mulango wa kura ulifungwa. Lumumba, aliyekuwa anaunda serkali ya inchi, alimupa Rémy Mwamba wa Balubakat wizara ya Sheria, na akamutaja Sendwe kuwa mujumbe wa serkali kuu kwa Katanga. Conakat iliona hilo kama matusi.

Tarehe 11 mwezi wa saba 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru, Tshombe alitangaza Katanga ni inchi peke yake. Sendwe alikuwa mbunge kule Léopoldville. Watu wake walikuwa ku vijiji, mbele ya bunduki.

Kaskazini ya Katanga ilikataa utawala wa Tshombe. Askari wake wakaingia na moto: vijiji vikachomwa, watu wakauawa, wengine wakakimbilia porini. Upande wa pili, vijana wa Balubakat, waliokuwa na mishale, minyororo ya baskeli na bunduki za kutengeneza kwa mukono, nao wakaua: wazungu, machifu waliokuwa na Tshombe, na hata watu wasiokuwa na kosa lolote. Mwezi wa kumi, Umoja wa Mataifa ulimuleta Sendwe kaskazini akiwa chini ya ulinzi, kusudi atulize watu. Watu wakakuja kwa wingi kumuona. Lakini maneno yake hayakutosha. Tarehe 8 mwezi wa 11, karibu na Niemba, vijana wa Baluba waliua askari tisa wa Ireland, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa ule ule uliokuwa unajaribu kulinda watu wao.

Hapo ndipo udhaifu wa Sendwe ulipoonekana. Chama kilikuwa na jina lake, lakini vijana hawakuwa tena mukononi mwake. Mwezi wa kwanza mwaka 1961, wakati Balubakat ilipochukua Manono na kutangaza jimbo la Lualaba, aliyekuwa pale kuongoza ni Prosper Mwamba-Ilunga. Sendwe alikuwa mbali, Léopoldville. Mwezi ule ule, tarehe 17, Lumumba aliuawa hapa hapa Katanga, Shilatembo, karibu na barabara inayounganisha Lubumbashi na Likasi.

Katika miji, Muluba akawa mutu wa kushukiwa. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba, wa Katanga na wa Kasaï pamoja, walikimbilia ku kambi ya Umoja wa Mataifa kule Elisabethville. Walilala ku vibanda vya matope na makartoni. Waliokuwa na nyumba nzuri na kazi ya mushahara walikuwa sasa wanapanga foleni ya unga.

Mwezi wa nane mwaka 1961, Cyrille Adoula aliunda serkali ya umoja, na Sendwe akawa naibu wa waziri mukuu. Kilikuwa cheo kikubwa kuliko vyote alivyopata. Alikikaa mupaka mwisho wa mwaka 1962, wakati wabunge walipomutoa kwa kura. Alitoka wiki chache tu kabla ya ushindi alioungoja. Tarehe 3 mwezi wa kwanza 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Jadotville, tarehe 21 wakafika Kolwezi, na Katanga ya Tshombe ikaisha. Lile Sendwe alilotaka tangu mwanzo lilitimia, yeye akiwa hana kiti.

Katanga ilikuwa imegawanywa. Upande wa kaskazini ulikuwa jimbo lake lenyewe, na mukuu wake wa muji ulikuwa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Mwezi wa tisa 1963 Sendwe akawa mukubwa wa jimbo hilo. Alikuta inchi iliyoharibika na mishahara isiyolipwa. Ndugu wa chama waligawanyika: wale wa Sendwe upande huu, wale wa Mwamba-Ilunga upande ule. Mwezi wa tatu 1964 bunge la jimbo likamutoa. Mwezi uliofuata akarudia kiti chake. Watu waliochoka vita walikuwa wanaangalia wakubwa wao wakinyanganyana ofisi.

Wakati huo uasi ulikuwa unapanda kutoka mashariki, ukiongozwa na watu waliosema wanafuata njia ya Lumumba. Mwisho wa mwezi wa tano Albertville ilipinduka mara ya kwanza, kisha ikarudishwa. Tarehe 19 mwezi wa sita muji ukaanguka kabisa, na Jason Sendwe akauawa. Aliyepona kwa Tshombe na bunduki zake zote, alikufa wakati wa uasi uliotumia jina la Lumumba, mutu aliyekuwa naye. Upande wa waasi mulikuwa hata vijana waliotoka ndani ya Balubakat. Mumoja wao aliitwa Laurent-Désiré Kabila, na miaka 33 baadaye alikuwa rais wa inchi.

Wiki tatu baada ya kifo cha Sendwe, Moïse Tshombe alirudi kutoka uhamishoni na kuwa waziri mukuu wa Congo yote, inchi ile ile aliyotaka kuigawanya.

Mwaka 1966 Jadotville iliitwa Likasi, Elisabethville ikawa Lubumbashi, Albertville ikawa Kalemie. Majina ya wakoloni yakaondoka. Jina la yule muuguzi wa Kabongo likawekwa ku hospitali.

Lakini ile swali iliyomutoa ndani ya Conakat mwaka 1959 haikuzikwa naye. Mwaka 1992, maelfu ya familia zenye asili ya Kasaï zilifukuzwa ku nyumba zao hapa Likasi na kusongamana ku gare, zikingoja treni. Wengine walikufa pale pale, kwa njaa na magonjwa. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga, na wazazi wao pia. Walikuwa jamii ile ile iliyokuwa ndani ya Cartel pamoja na Baluba wa Katanga miaka 32 kabla, wakati Sendwe alikuwa hai.

Sendwe hakuwa malaika. Hakuweza kuzuia vijana wake, alikaa mbali na watu wake katika miezi mibaya zaidi, na mwishoni aliingia katika ugomvi wa viti sawa wengine. Lakini ku jambo moja alikuwa wazi: ku muji uliojengwa na watu waliotoka pande zote, mwenyeji na mugeni wako ku orodha moja ya kura. Hilo lilimufanya apoteze wakati alipokuwa hai. Kwa wakaaji wa Likasi, bado halijapata jibu.