Zwangendaba: kamanda aliyeishia Ufipa

Vijana wanaohitimu uofisa Monduli huvishwa nyota ya luteni usu, kisha hupangiwa vikosi ambako hawamjui mtu. Luteni mpya anamkuta sajenti aliyeingia jeshini wakati yeye akiwa bado shule ya msingi. Atawaongozaje watu hawa? Leo tunatazama maisha ya kamanda aliyefariki hapahapa Ufipa, karibu miaka 180 iliyopita.

Jina lake ni Zwangendaba, wa ukoo wa Jele. Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 18, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, akawa kamanda chini ya Zwide, mfalme wa Wandwandwe. Karibu mwaka 1819, Shaka wa Wazulu alimshinda Zwide. Zwangendaba akaondoka na wafuasi wachache kuelekea kaskazini, wakapita Msumbiji, kisha Zimbabwe. Novemba 1835 walivuka mto Zambezi, na masimulizi ya Wangoni yanasema siku hiyo jua lilipatwa. Miaka ya 1840 wakafika kwetu Ufipa.

Waliondoka wachache, lakini walifika maelfu. Iliwezekanaje? Njiani waliteka watu wa makabila mengi, na Zwangendaba hakuwaacha wakae pembeni. Vijana waliingizwa katika vikosi vya rika moja pamoja na Wangoni wenyewe, wakafundishwa kupigana kwa mkuki mfupi na ngao. Aliyetekwa jana, akionyesha ushujaa na akili, aliweza kupanda cheo na kuongoza wengine. Ofisa mpya ana la kujifunza hapa. Usimpime askari kwa kabila lake wala mkoa alikotoka, mpime kwa kazi yake. Askari anayejua kwamba jasho lake linaonekana hakwepi zamu.

Hata hivyo, hatuwezi kumsifu upande mmoja tu. Watu wale walichukuliwa kwa nguvu. Wafipa, waliokuwa wakulima na wafua chuma hodari, walivamiwa na kuporwa. Jeshi linaloishi kwa kupora halikai mahali. Chakula kikiisha, lazima lihame kutafuta wengine wa kupora. Ofisa anayenyamaza askari wake wanapochukua kuku wa mwanakijiji bila kulipa ameshaanza njia hiyohiyo. Leo ni kuku, kesho hakuna mwanakijiji atakayewaonyesha kisima wala kuwaambia adui amepita wapi.

Zwangendaba alifariki karibu mwaka 1848, mahali palipoitwa Mapupo, hukuhuku Ufipa. Wanawe walikuwa bado wadogo, na wakubwa wakagombania nani ashike uongozi. Jeshi likagawanyika. Watuta walikwenda kaskazini, na baadaye Mirambo wa Unyamwezi alijifunza kwao mbinu za vita. Wengine walishuka hadi Songea. Mpezeni alikwenda mashariki ya Zambia ya leo, na Mombera kaskazini ya Malawi. Hadi leo Wangoni wako katika nchi hizo.

Jeshi lililotembea miaka zaidi ya 20 na kuvuka Zambezi halikuvunjwa na adui. Lilivunjika kwa sababu ya kifo cha mtu mmoja. Kwa hiyo, kijana uliyepewa platuni yako ya kwanza, jiulize: ukiugua usiku wa leo, je, sajenti wako anajua kesho mnakwenda wapi na kwa nini? Je, koplo anaweza kushika nafasi ya sajenti? Ukificha mipango ili uonekane wa muhimu, siku usipokuwepo askari wako ndio wataumia.

Msikilizaji, kama nyumbani kuna mzee anayekumbuka masimulizi ya Wangoni kupita Ufipa, muulize leo jioni. Kisha msimulie kijana wako anayejiandaa kwenda jeshini.