Aggrey: Alitumwa na mfuko wa wafadhili, akafa na utafiti mkononi

Na Mwandishi Maalum, Kansanga

MFANYABIASHARA yeyote wa Mutukula au Busia aliyewahi kufuata mzigo Kariakoo, Dar es Salaam, amepita Mtaa wa Aggrey. Huku Uganda na Kenya nako wapo wazee wengi walioitwa jina hilo. Hayati Aggrey Awori, mwanasiasa wa Samia-Bugwe aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mmoja wao. Lakini waulize vijana hapa Kansanga, kwenye barabara ya Gaba, Aggrey mwenyewe alikuwa nani. Wengi watakwambia ni Mzungu fulani wa zamani.

Hakuwa Mzungu. James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 Anomabu, mji wa pwani katika nchi iliyoitwa wakati huo Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alisoma shule ya misheni ya Wamethodisti na kuwa mwalimu angali kijana. Mwaka 1898 alipanda meli kwenda Marekani, akaingia Chuo cha Livingstone katika mji wa Salisbury, North Carolina. Chuo hicho kilikuwa mali ya kanisa la watu Weusi, kwa maana vyuo vya Wazungu wa kusini viliwafungia milango. Alihitimu mwaka 1902, akabaki hapo hapo kufundisha, akaoa mwaka 1905. Miaka ikapita. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunajua jinsi safari ya miaka minne inavyogeuka kuwa ya ishirini. Yeye alikaa miaka 22 bila kukanyaga nyumbani.

Kilichomsukuma muda wote huo ni elimu ya juu. Kila likizo ndefu alipopata nafasi alisafiri hadi New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, kwa kuwa chuo chake mwenyewe hakikuwa na uwezo wa kutoa shahada ya uzamivu. Vyuo vingi vya watu Weusi wakati huo vilikuwa hivyo: majengo machache, maktaba ndogo, maabara hakuna, na fedha ya kuombaomba makanisani.

Hapo ndipo wanapoingia wafadhili. Mwaka 1911 ulianzishwa New York mfuko wa Phelps-Stokes, kutokana na wosia wa mama mmoja tajiri, Caroline Phelps Stokes, kwa ajili ya elimu ya Waafrika na Wamarekani Weusi, miongoni mwa wengine. Mkurugenzi wake wa elimu, Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales, alikagua shule za watu Weusi nchi nzima na kutoa ripoti mwaka 1917. Ripoti iliona kwamba ni vyuo viwili tu, Howard na Fisk, vilivyostahili kweli kuitwa vyuo. Vingine vilishauriwa zaidi kushika ufundi na kilimo. Msomi Mweusi W.E.B. Du Bois, aliyepata uzamivu wake Harvard mwaka 1895, aliipinga ripoti hiyo kwa ukali. Aliona hatari yake mapema: matajiri wenye mifuko mingine wangeisoma kabla ya kutoa hata senti moja.

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani wataelewa haraka. Mwenye duka la jumla anayekukopesha mzigo hakupi unachotaka kuuza. Anakupa anachotaka yeye kitoke ghalani. Chuo kikiomba darubini na kupewa majembe, kitafundisha majembe.

Basi mfuko huo huo ndio uliomwita Aggrey. Mwaka 1920 alizunguka Afrika ya Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini akiwa mjumbe pekee Mweusi wa tume yake, na ndivyo alivyoiona tena nchi yake. Mwaka 1924 tume ya pili ikaja kwetu: Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, kisha kusini. Watu walijaa kumsikiliza. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mwafrika msomi akiketi meza moja na wakubwa wa Kizungu kama mwenzao. Hadithi yake ya tai aliyelelewa na kuku mpaka akasahau kuruka inasimuliwa hadi leo. Mimi niliisikia shuleni Kenya, nikiwa mtoto wa wakimbizi, na mwalimu aliyetusimulia hakutaja kabisa ni nani aliyelipia safari ile.

Matokeo ya ziara yalionekana upesi. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, ili kuandaa walimu wa kusimamia shule za vijijini. Ilikuwa kazi njema, sitaki kuidharau. Lakini ilikuwa kazi ya kijiji, na mfano wake uliletwa kutoka kusini mwa Marekani. Makerere nayo, iliyoanza mwaka 1922 kwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo, ilisubiri hadi 1949 kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya London.

Wapo wanaomwita Aggrey kibaraka wa wafadhili. Nadhani wanamwonea. Alipewa jukwaa ambalo hakuna Mweusi mwingine aliyepewa, akalitumia kudai elimu ya wasichana na kuwaambia vijana wasiridhike. Na maisha yake mwenyewe yalipingana na ripoti ile: mtu wa kuridhika na jembe hasafiri New York kila likizo akifukuzia uzamivu akiwa na zaidi ya miaka 40.

Swali la nani analipa halijaisha Kampala. Kuanzia mwaka 2000 Sweden imegharamia mafunzo ya uzamivu ya wahadhiri wengi wa Makerere. Ni katika mwaka wa fedha 2019/2020 ndipo serikali ya Uganda ilipotenga shilingi bilioni 30 kwa ajili ya utafiti wa chuo hicho. Vyuo binafsi, kama hiki kikubwa kilicho hapa Kansanga tangu 2001, huanza kwa kutegemea karo.

Aggrey alitoka kwenye tume akaenda kusaidia kuanzisha Chuo cha Achimota, nje ya Accra, akiwa makamu msaidizi wa mkuu wa chuo. Katikati ya mwaka 1927 aliomba likizo, akarudi New York kumalizia andiko lake la uzamivu. Aliugua ghafla na kufariki hospitalini Harlem tarehe 30 Julai 1927, akiwa na umri wa miaka 51. Andiko halikukamilika.

Kijana wa Nigeria, Nnamdi Azikiwe, aliyewahi kumsikia, alikuwa tayari Marekani, ambako alisoma Howard na Lincoln, vyuo vya watu Weusi. Kwame Nkrumah, mwanafunzi wa Achimota, alimfuata mwaka 1935. Na kutoka Buganda alikwenda Ernest Balintuma Kalibala, akasoma Tuskegee, kisha Columbia. Alirudi miaka ya 1930, akaanzisha shule na kuipa jina la Aggrey. Baadaye alivuka tena bahari, na mwaka 1946 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa uzamivu kwa utafiti kuhusu mpangilio wa jamii ya Baganda.