Anthony Allison: Kijana wa Gilgil aliyefumbua fumbo la damu ya watu wa ziwa

Ukiwa mtu wa Kisumu, Siaya, Homa Bay ama Migori, malaria na sikoseli hauhitaji kuelezewa. Karibu kila ukoo una stori. Lakini ni wasee wachache wanaojua kwamba aliyegundua kwa nini haya magonjwa mawili yanatembea pamoja kando ya ziwa alikuwa jamaa aliyelelewa hapa hapa Kenya, na kwamba damu iliyompa jibu ilikuwa ya wanaume Waluo.

Anthony Allison alizaliwa mwaka 1925 huko East London, Afrika Kusini. Utoto wake lakini ulikuwa Gilgil, kwenye shamba la babake juu ya Bonde la Ufa. Gilgil ni baridi na malaria si tatizo kubwa kule. Shika hiyo, itakuja kuwa na maana. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Oxford, Uingereza, kusomea udaktari.

Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alirudi na msafara wa Oxford uliokuwa unaenda Mlima Kenya. Wenzake walifuata mimea na wadudu. Yeye alifuata watu. Alizunguka nchi akikusanya damu ya jamii mbalimbali ili kujua makundi yake, na akaongeza kipimo kimoja: je, seli nyekundu zinajikunja kama mundu zikikosa oksijeni? Hiyo ndiyo dalili ya jeni ya sikoseli, ambayo vitabuni inaitwa selimundu.

Majibu yalimshangaza. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa na jeni hiyo. Kule milimani, hata mmoja kwa 100 ilikuwa shida kupata.

Hesabu yenyewe haihitaji digrii, na mimi sina. Ukirithi jeni ya sikoseli kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida unaishi bila shida. Ukiirithi kwa wazazi wote wawili, unaugua. Wazazi wawili wenye jeni moja moja wakipata mtoto, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Zamani hizo watoto wengi wagonjwa hawakufika utu uzima. Sasa jeni inayozika watoto si ilifaa ipungue kila kizazi? Mbona ziwani imejaa hivyo?

Kijana wa Gilgil akaangalia ramani. Palipojaa jeni ndipo palipojaa mbu. Akawaza kwamba labda aliyerithi jeni moja anapata kinga dhidi ya malaria, na kinga hiyo ndiyo inayoibeba jeni kutoka kizazi hadi kizazi.

Alimaliza udaktari kwanza, kisha mwaka 1953 akarudi Afrika Mashariki kujaribu wazo lake. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Waliokuwa na jeni moja, asilimia 28 hivi walikutwa na vijidudu vya malaria. Wasiokuwa nayo, asilimia 46.

Halafu kuna jaribio ambalo leo linafanya mtu akae vizuri kwenye kiti. Wanaume 30 Waluo, waliokuwa wameishi mbali na malaria kwa zaidi ya mwaka, walijitolea kuambukizwa malaria kwa makusudi. Kumi na tano walikuwa na jeni moja, 15 hawakuwa nayo. Katika wasiokuwa nayo, malaria ilishika 14. Katika wenye jeni, ilishika wawili tu.

Hiyo ilikuwa Kenya ya ukoloni, wakati wa hali ya hatari. Leo jaribio kama hilo lingepita kwanza mbele ya kamati ya maadili, na kila mtu angeelezwa hatari yote kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi.

Allison alichapisha matokeo mwaka 1954 na wanasayansi wengi wakambishia. Muda ulimpa haki. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofuata watoto wachanga wa Asembo, pale pale kando ya ziwa, ukaonyesha kwamba wenye jeni moja walikufa kidogo kuliko wenzao katika miezi ile ambayo malaria huua zaidi.

Yeye hakukaa akisubiri sifa. Aliwahi kurudi Nairobi kuongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, kisha akahamia California. Huko, yeye na mkewe Elsie Eugui walitengeneza mycophenolate mofetil, dawa inayozuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 na hadi leo inawabeba watu wengi waliopandikizwa figo. Allison alifariki Februari 2014, akiwa na miaka 88.

Kabla hajafa, aliishi kuona sayansi ikigeuka. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alichukua seli za ngozi ya panya, akaziongezea jeni nne, zikarudi utoto: zikawa seli shina zinazoweza kugeuka seli yoyote ya mwili. Mwaka uliofuata, watafiti Marekani walitumia njia hiyo kwa panya wenye sikoseli. Walirudisha seli zao utotoni, wakarekebisha jeni mbovu, wakazikuza kuwa seli za kutengeneza damu, wakawarudishia. Panya wakapata nafuu kubwa. Kufikia 2009, maabara za Ujerumani na Uhispania zilikuwa zimefanya mageuzi hayo kwa damu ya kitovu. Hiyo ni damu inayobaki kwenye kamba mtoto akizaliwa. Seli zake ni changa, hazijachakaa, na kuichukua hakumuumizi mtoto wala mama.

Ona hilo kwa macho ya mtu wa ziwa. Kwetu kitovu huzikwa, na pale kilipozikwa ndipo nyumbani. Kumbe ndani ya kamba hiyo kuna seli ambazo siku moja zinaweza kumtibu mwenyewe. Lakini hiyo bado ni kazi ya maabara, haijawa tiba ya hospitali. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 hutumia seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Mama wa Nyalenda atazitoa wapi?

Ndio maana stori ya Allison haijaisha. Dunia inakumbuka jina lake, na anastahili. Wale wanaume 30 wanakumbukwa kama hesabu tu, 15 huku na 15 kule. Damu yao ilifundisha dunia jambo kubwa, na wajukuu wao wana haki ya kudai sehemu ya matunda. Tunapodai, kuna kitu hakihitaji mamilioni: kujua hali yako. Kipimo cha jeni ni damu kidogo tu. Wewe na mpenzi wako mkapime kabla ya kupanga watoto, na mtoto apimwe mapema akizaliwa, ili dawa na kinga zianze kabla ya maumivu.