Bibi Bwana: Huyu Mama wa Wigi Anafaa Kuchorwa Kwa Nganya?

Simama Jogoo Road jioni uangalie nganya zikipita. Zimechorwa Tupac, Bob Marley, mastaa wa mpira. Kuna sura moja sijawahi kuiona na, maze, ingebamba: mama mzungu, gauni jeupe la kung'aa, wigi ya nywele ndefu za dhahabu, upanga kiunoni.

Huyo ni May French Sheldon, Mmarekani aliyezaliwa 1847. Mwaka wa 1891 aliacha bwanake Ulaya akatua Mombasa. Form ilikuwa kuongoza msafara wake mwenyewe hadi Kilimanjaro. Mabuda wa kampuni ya Waingereza pale Mombasa wakakataa kumsaidia. Mwanamke, aende wapi? Akavuka Zanzibar, akapata barua ya Sultani na wapagazi zaidi ya mia moja. Wasee wakamwita Bibi Bwana.

Hiyo wigi haikuwa ya urembo tu. Alikuwa anaivaa akikutana na machifu, wajue wamefikiwa na mtu mkubwa. Tena alibeba pete za kugawa zenye jina lake. Kujitangaza hakukuanza na Instagram! Karibu na Taveta aliteremka hadi Ziwa Chala, lile liko ndani ya shimo la volkano, akaingia majini na mashua. Wakati wa kurudi akaanguka na machela aliyokuwa anabebewa, akaumia vibaya.

Mwaka wa 1892 akatoa kitabu, na Royal Geographical Society ya London ikamkubali akiwa kati ya wanawake wa kwanza kabisa. Mwaka uliofuata wazee wakafunga mlango; wanawake wengine walingoja hadi 1913.

Ningeishia hapo angekuwa shujaa safi. Lakini 1903 alienda Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kule watu walikuwa wanakatwa mikono juu ya mpira. Wengine walikuwa wanapiga kelele dunia isikie. Yeye alirudi akaandika kwa magazeti kwamba mambo huko ni shwari. Doh ilitoka upande wa Leopold. Hiyo ndiyo inaniuma, kwa sababu macho alikuwa nayo.

Alikufa London 1936, akiwa na miaka 88.

Mimi nikiwa na nganya, ule ukuta mkubwa wa nyuma ningechora wale wapagazi na machela yao. Wigi ingekaa kando, pale kwa mlango wa konda.